Namba za Mashine ya Redio

Lubumbashi, Kampemba, tarehe 3 Machi 2025

Baba mdogo Kasereka na mama mdogo Jeanne,

Salamu zetu ziwakute mkiwa wazima. Huku tuko. Mama anaendelea na shamba lake la Kasungami. Mahindi yamekomaa, lakini wezi wanamtangulia kuvuna. Juzi alirudi na kikapu nusu. Deborah wangu yuko mwaka wa tano wa shule na bado anakohoa. Umeme tunaupata saa nne kwa siku. Tangu Goma ianguke vitani mwezi wa kwanza, kila Jumapili baada ya ibada watu wetu wa Kivu wanabaki uwanjani wakiulizana majina. Simu yako haipiti, ya Émile pia haipiti. Mama Kahambu, yule wa depo ya maharage na vitunguu, anakuja Goma kwa njia ya Zambia na Tanzania. Nimempa barua hii mkononi, kama watu wa zamani.

Jambo langu ni dogo. Nimenunua kompyuta ya mkononi kwa ajili ya sekretariati yangu ya kuwachapia watu barua, kwa Kapya, fundi wa hapa mtaani. Kapya aliifuta yote akaweka Linux, kwa sababu haina malipo. Nikifungua barua mbili tu inaganda, na wateja wananitazama. Anasema inahitaji kumbukumbu zaidi, ile barete ndogo ya kijani inayochomekwa ndani. Akaniuliza: “Unataka DDR3 ao DDR4?” Nikasema sijui. Akasema: “Basi leta mashine, tutajaribisha zote, moja itaingia.” Nikamwambia mashine yangu si kufuli.

Kaka Émile anajua namna ya kuiuliza mashine yenyewe bila kuifungua. Mwambie nimemwachia nafasi tupu hapo chini, aandike na ule mwandiko wake wa kuku.

Na sukari ya mama mdogo, inaendaje?

Mtoto wenu,
Précieuse

*

Goma, tarehe 29 Machi 2025

Binti yangu Précieuse,

Barua yako imefika siku ya ishirini na nne. Msalimie mama yako na umpe pole ya mahindi. Deborah mpeleke kwa daktari. Kikohozi cha miezi miwili si cha vumbi.

Sisi tuko katika nyumba ileile. Benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, soko linafunguliwa asubuhi. Simu niliitupa. Kwenye vizuizi wanafungua simu na kusoma majina, na jina langu limesikika redioni miaka thelathini na moja. Usinipigie hata nikipata nyingine. Karatasi inatosha.

Mama yako mdogo anachoma sindano moja kwa siku mahali pa mbili, ili dawa idumu. Miguu imevimba. Ng'ambo ya mpaka dawa ipo, na ninyi mnayo. Hataki kutoka.

Émile hayupo nyumbani kwa sasa. Nakujibu mimi, kwa kutumia daftari lake. Unajua tabia yake: kila mashine anayoitunza pale redioni ina ukurasa wake, na ndani ya ukurasa kila namba.

Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika hivi, bila kosa:

sudo dmidecode -t memory

Sudo maana yake unaiomba mashine ikutii kama mwenye nyumba. Itakuuliza neno la siri. Baada ya hapo itasoma jedwali ambalo mtengenezaji aliliacha ndani yake. Tafuta mstari unaoanza na Type. Hapo ndipo penye DDR3 au DDR4. Form Factor itakwambia umbo la barete, na Voltage nguvu ya umeme inayoitaka. Amri ikikosekana, jaribu sudo lshw -C memory. Inasema machache zaidi.

Nakili yote kwa mkono, mstari kwa mstari, hata usiouelewa, unitumie. Usichague. Redioni nilifukuza wanafunzi wawili kwa kuchagua.

Baba yako mdogo,
Kasereka

*

Lubumbashi, tarehe 2 Mei 2025

Baba mdogo na mama mdogo,

Tunawasalimia. Deborah alipimwa, ni mapafu, anatumia dawa na ameanza kula bukari tena. Mama amemaliza mavuno, au niseme wezi wamemaliza. Mvua zimekatika na vumbi jekundu limeanza. Mama Kahambu anawasalimu. Amekuwa mwema kwetu, hataki hata kulipwa kwa kubeba barua.

Nilifanya kama ulivyosema, na mara ya kwanza mashine ilikataa, ikaandika Permission denied. Nilikuwa nimeacha neno sudo, kwa sababu nilidhani ni kama “tafadhali”. Mara ya pili ikakubali. Nikasoma Maximum Capacity: 16 GB, nikafurahi, nikamwendea Kapya kumtukana.

“Mashine iko na kumi na sita, we unataka kuniuzisha nini?”

Akacheka mpaka akaketi. “Mama Précieuse, ile njo kipimo ya nyumba. Haiko hesabu ya bantu benye kulala ndani.”

Kwa hiyo nimeelewa: inaweza kubeba kumi na sita, lakini ina nne. Nakili ni hii:

Locator: ChannelA-DIMM0
Size: 4 GB
Form Factor: SODIMM
Type: DDR3
Speed: 1600 MT/s
Serial Number: 3A51C07E
Configured Voltage: 1.35 V

Locator: ChannelB-DIMM0
Size: No Module Installed

Mistari mingine nimeiweka kwenye karatasi ya pili, yote, sikuchagua.

Mwambie Émile kwamba siku hizi amekuwa mkubwa, anajibiwa na baba yake. Nafasi niliyomwachia hakuitumia.

Na mama mdogo aje huku. Chumba cha nyuma kipo, nimeondoa magunia. Zahanati iko hatua mia mbili. Kwa nini hataki?

Précieuse

*

Goma, tarehe 24 Mei 2025

Précieuse,

Salamu kwa wote. Nimefurahi kwa habari ya Deborah.

Jibu la swali lako: nunua barete ya SODIMM, DDR3L, 1600. Herufi L ndiyo hiyo 1.35 V uliyonakili. Kapya akikupa DDR3 ya kawaida ya 1.5 V, huenda mashine isiwake. DDR4 haiingii hata kwa nguvu. Pengo lake liko mahali pengine.

Sasa swali langu. Andika amri hii na unakili matokeo yote:

sudo dmidecode -t system

Nataka hasa mstari wa Serial Number. Pia nataka kujua Kapya aliinunua mashine lini, wapi, kwa nani. Usimwambie kwa nini unauliza.

Nikueleze, maana umemtaja Émile mara mbili. Émile alitoka hapa Jumatatu tarehe 27 Januari, saa nne asubuhi, siku ile mji ulipoanguka. Alikwenda redioni kuchukua mashine ya kuhariri sauti. Jirani mmoja alimwona saa tano akitoka huko na gunia la mchele begani. Hajarudi. Nimezunguka hospitali tatu na chumba cha maiti, nimesoma orodha za walioshikwa na za waliovuka. Jina lake halimo popote. Katika barua ya kwanza sikukuandikia hayo kwa sababu sikuwa na habari. Kutokuwepo kwa mtu si habari.

Katika daftari, ukurasa wa mashine ile una barete mbili. Moja ni 3A51C07E.

Usikimbie mbele yangu. Barete inachomolewa kwa dakika moja. Inaweza kuwa imetoka katika mashine ya Émile ikaingia katika nyingine. Ndiyo maana nataka namba ya mashine yenyewe.

Jeanne hatoki Goma mpaka Émile arudi. Kila jioni anaacha komeo la lango bila kulifunga. Dawa iliyobaki ni ya miezi minne, kwa sindano moja. Daktari anasema kwa sindano moja hatafika miezi minne.

Kasereka

*

Lubumbashi, tarehe 20 Juni 2025

Baba mdogo,

Mama analia tangu niliposoma barua yako. Nilimsomea jikoni, ningepaswa kusubiri. Huku ni baridi, watu wanawasha makaa ndani ya nyumba. Deborah anaendelea vizuri.

Nimeandika amri. Nimenakili mara mbili na nimempa Deborah asome kwa sauti huku mimi nikifuata kwa kidole:

Serial Number: R90-4417-BZ

Kwa Kapya nilikwenda Jumanne. Nilinunua barete kwanza, ili asikasirike. Ni DDR3L, imeingia, mashine inakimbia. Kisha nikamuuliza mashine aliipata wapi.

“Mama, uko polisi sasa?”

“Hapana. Niko mwandishi wa mabarua.”

“Basi andika: Kapya hakumbuke.”

Alikiri kwamba yeye ndiye aliyechomoa barete ya pili akamuuzia mtu mwingine. Na aliifuta mashine bila kuangalia kilichokuwa ndani. Anasema huwa haangalii. Sauti za redio hazipo tena. Mengine hakumbuki. Huo ndio mwisho wa niliyoyapata.

Barua hii haiji na Mama Kahambu. Inakuja na Mwansa, dereva wa lori Mzambia aliyekaa siku sita kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa. Anaishia mpaka wa Tanzania, na huko atamkabidhi dereva wa basi. Naomba na wewe unijibu kwa njia hiyohiyo. Usiniulize kwa nini.

Mwambie mama mdogo chumba bado kipo.

Précieuse

*

Goma, tarehe 11 Julai 2025

Précieuse,

Namba ni ileile. R90-4417-BZ, ukurasa wa kumi na saba wa daftari, mwandiko wa Émile. Barete ni yake na mashine ni yake. Hilo sasa limethibitishwa, na ni hilo tu.

Nimeisoma barua yako mara nne. Kapya hakumbuki, lakini anakumbuka barete ya pili. Na wewe umebadilisha mchukuzi. Mwezi wa tano uliniandikia kwamba Mama Kahambu ni mwema na hataki malipo. Mwezi wa sita hataki kupewa barua, au wewe hutaki kumpa. Nimefanya kazi hii muda mrefu, binti yangu. Mashine ilitoka Goma ndani ya mzigo wa Kahambu.

Simlaumu. Mwezi wa pili kila kitu kiliuzwa hapa barabarani: vitanda, milango, vifaa vya hospitali. Aliyenunua hakuuliza.

Ninataka maneno yake. Kaa naye, umwambie ni mimi ninayeuliza, si wewe. Andika alichokiona kwa macho yake upande mmoja, alichoambiwa upande mwingine. Usilainishe kitu kwa ajili yangu. Ukilainisha nitajua, na kisha sitajua ni wapi umelainisha.

Jeanne alianguka jikoni Jumapili. Alizinduka baada ya nusu saa. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama kuna mtu aliyebisha hodi.

Kasereka

*

Lubumbashi, tarehe 4 Agosti 2025

Baba mdogo,

Sina salamu nzuri za kutanguliza. Mama anasali, Deborah ni mzima.

Ni kweli. Kapya aliniambia siku ileile na nilikuficha. Nilidhani ukikosa jina la mletaji utaacha. Nisamehe.

Nilikwenda depo kwa Mama Kahambu Jumamosi, baada ya wapakiaji kuondoka. Aliposikia Émile alikuwa nani kwetu alikaa juu ya gunia la maharage. Haya ndiyo maneno yake.

Alichokiona mwenyewe. Tarehe 6 au 7 Februari, Goma, karibu na barabara ya bandarini, kijana wa wale waliokuwa wakizika alikuwa akiuza vitu juu ya turubai. Viatu, saa, simu, kompyuta mbili. Kijana alikuwa bado amevaa glavu. Kompyuta hii ilikuwa ndani ya gunia la mchele. Gunia lilikuwa limefuliwa na lilikuwa bado bichi upande mmoja. Kahambu alinunua kompyuta, gunia hakulitaka. Maiti hakuiona, wala karatasi yenye jina.

Alichoambiwa. Aliuliza mwenye kompyuta yuko wapi. Kijana akajibu: “Mwenyewe hana tena kazi nayo.” Akamwambia waliwaokota tisa kwenye ukuta wa ghala, na huyu alikuwa amelalia gunia kwa kifua, walilazimika kumgeuza ili walitoe. Hakusema umri wala nguo. Alisema waliwazika wote pamoja.

Nikamuuliza kama alijua kwamba ni kitu cha marehemu. Akanijibu: “Nilijua iko ya muntu. Yote ilikuwa ya bantu. Ningeacha, mwingine angenunua.” Kisha akasema: “Na barua zenu nilikuwa nabeba mu ile sakoshi yenye nililetea ile mashine. Andikia papa yako na ile, asijue kwa mwingine.”

Hayo ndiyo yote. Sijalainisha.

Mashine nimeizima. Wateja nawaambia imeharibika. Siwezi kuitumia kwa barua za watu za kuomba kazi.

Précieuse

*

Goma, tarehe 30 Agosti 2025

Binti yangu,

Nimepokea. Umeandika vizuri. Kama ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupitisha bila kusahihisha.

Msiba huu ungekuwa wa mtu mwingine, ningesoma hewani hivi: kijana aliyebeba kompyuta ya redio anadhaniwa kuwa miongoni mwa watu tisa waliozikwa pamoja, hakuna aliyemtambua. Ningesema “anadhaniwa”, kwa sababu shahidi wetu hakuona, na aliyeona hatumjui. Nilikwenda barabara ya bandarini. Ghala lipo, ukuta umepakwa chokaa. Sikupata mtu wa kunijibu. Mimi mwenyewe nimeridhika kwamba ni yeye. Kulalia mashine kwa kifua ni Émile.

Barua yako ya Agosti nimeichoma. Zile za Mei na Juni, zenye namba, nilimpa Jeanne.

Alikaa mezani na daftari upande mmoja na karatasi zako upande mwingine. Unajua alisahihisha madaftari ya watoto miaka ishirini na miwili. Alifuata herufi moja moja kwa kidole, za barete, kisha za mashine, kisha akarudia kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akavua miwani.

Akasema: “Kwa hiyo yuko Lubumbashi.”

Nikasema: “Mashine iko Lubumbashi.”

Akasema: “Émile haachi mashine yake.”

Nikasema: “Hapana. Haachi.”

“Sasa mbona haandiki mwenyewe?”

Nikamuuliza: “Simu yangu niliitupa kwa sababu gani?”

Akafikiri. Akasema mtoto ana akili kuliko baba yake, kwamba anajificha nyuma ya mwandiko wa Précieuse, na kwamba habari za Kapya ni za kuwapoteza wanaofungua barua. Aliitazama ile nafasi tupu chini ya barua yako ya kwanza akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata maana. Sikumwambia neno moja lisilo la kweli. Nilimwacha ajijazie, na nilimtazama akijijazia. Miaka thelathini na moja nimewafukuza watu kazi kwa hilo hilo.

Usiku ule alichoma sindano ya pili, kwa sababu amesema huko dawa ipo na hakuna haja ya kubana. Asubuhi alifunga komeo la lango. Ametoa sanduku. Amefua mashati ya Émile, manne, ameyapiga pasi ya makaa na kuyaweka juu kabisa, ili yasikunjike.

Hati za kuvukia mpaka zitatoka baada ya wiki tatu. Tutaondoka Jumatatu tarehe 22 Septemba. Basi mpaka Tanzania, lingine mpaka Zambia. Hesabu tutakuwa Kasumbalesa Jumanne tarehe 30, mchana, malori yakituruhusu. Barua hii itatutangulia kwa siku chache tu. Nimempa mchukuzi wa haraka.

Njoo utupokee peke yako. Mama yako asije. Uso wake hauwezi kuficha. Chukua dawa kutoka zahanati uje nayo, na kitu cha kula. Jeanne atakukumbatia na huku akitazama nyuma ya bega lako, kisha kati ya malori, kisha kwa wale wabadili fedha. Usiseme kitu. Mwache atazame. Akikuuliza, mwambie apande gari kwanza. Nitamweleza mimi, Lubumbashi, siku miguu yake itakapopungua, na sijui kama atanisemesha tena baada ya siku hiyo.

Wewe huna kosa katika hili. Nimeliandika hapa kwa mkono wangu na tarehe, ili baadaye akikuuliza uwe na kitu cha kumwonyesha.

Kasereka